Mluzi Masikioni mwa Nasra

Janeth, jirani wa Nasra, anasema Nasra alilewa. Anasema alimwona kwa macho yake mawili, saa nne asubuhi, kwenye njia ya kushukia Bigwa, ameukumbatia mparachichi kama mume aliyerudi safari, na tenga lake la maharage limebingirika hadi bondeni. "Tena mwezi wenyewe Shaabani!" anamalizia, halafu anajiziba mdomo kana kwamba neno limemponyoka.

Maneno hayo huku mlimani yanaaminika upesi. Mtoto wa Uluguru haanzi kutembea tambarare. Anaanza na mteremko, na ndoo kichwani. Mtu mzima akianguka kwenye njia aliyoizoea, watu hawaulizi anaumwa nini. Wanauliza amekunywa wapi.

Nasra hakunywa. Ni ardhi iliyozunguka. Mwaka wa nne sasa mwili ulikuwa unamuuma, mabega, nyonga, hata ngozi ya kichwa akichana nywele. Baadaye yakaja masikio: mluzi mwembamba usiokatika, na kijiko kikianguka sakafuni kinamchoma kama sindano. Daktari wa mjini aliyapima masikio akayakuta mazima. Akaandika fibromaialjia, akamweleza taratibu kwamba mwili wake unayakuza maumivu, na wapo wenye ugonjwa huo wanaosumbuliwa na sauti na kizunguzungu pia. "Si uongo wako, mama," alimwambia. Nasra hakuwahi kulia kwa maumivu, lakini kwa neno lile alilia.

Tangu aanguke anakaa Bigwa kwa dada yake, chumba cha upande wa barabara. Pikipiki zinapita kama zinamkatiza kichwani. Zikinyamaza, mluzi unashika zamu. Ndipo anapolitamani shamba lake la juu, hasa tuta la mwisho, pale kijito kinapogonga mawe mchana kutwa. Pale tu mluzi ulikuwa unazama majini. Alikuwa akipalilia hadi adhuhuri na kusahau kama ana masikio.

Shamba lenyewe ni la lukolo, ukoo wa upande wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Ijumaa baada ya swala, mjomba Mwinshehe akashuka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Hakukaa. Alisogeza uso hadi karibu na mdomo wa Nasra, akanusa.

"Umepata harufu gani?"

"Karafuu."

"Jino hilo, mjomba."

Mzee akacheka bila kupenda, akavuta kigoda. "Sikiliza, mwanangu. Masika hayangoji mtu. Wazee wameona shamba alime Shadya, binti wa mdogo wako. Yule ana miguu."

"Na mimi nina nini?"

"Wewe una karatasi. Nimesomewa. Ugonjwa hauna kidonda, hauna homa, wazee nitawaambia nini?"

Nasra akainuka amwonyeshe. Akapiga hatua tatu, nzuri kabisa. Ya nne, pikipiki ikapiga honi mlangoni, nyumba ikainama, akalidaka bega la mjomba. Mzee akashtuka, lakini bega hakulitoa. Akamtazama machoni, akayaona yanavyohangaika kutafuta mahali pa kutua, kama mtu anayesoma maandishi yanayokimbia.

"Kumbe," alisema polepole.

"Shadya achukue mahindi, achukue migomba, yote," Nasra alisema, bado amemshika. "Niachieni tuta la mwisho tu, la kando ya kijito. Nitalima nimekaa chini, aliyekaa chini haanguki. Na kupanda mlima, unipandishe wewe, leo hii, hivi hivi nimekushika bega. Utanipandisha, mjomba?"

Mzee Mwinshehe akageuza uso kuelekea mlimani, ambako wingu lilikuwa limeshashuka hadi kwenye migomba. Mkono wa Nasra ulikuwa palepale begani mwake, unangoja.