Spana ya Kitanda cha Ghorofa

Kabla hakujapambazuka nilisikia zipu. Ilivutwa polepole, ikasita, ikavutwa tena. Sikuhitaji kufumbua macho. Mimi hulala sebuleni, pazia tu linanitenga na chumba cha watoto, na sauti ile naijua. Ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu mdogo, anakunja blanketi lake na kulirudisha kwenye begi. Akimaliza huliweka begi nyuma ya mlango, akalikalia na kungoja wenzake waamke.

Nilitaka kumwambia arudi kulala. Lakini magoti yalikuwa yamenisumbua usiku kucha, na mdomo wenyewe ulikuwa mzito.

Nyumba ni ya binti yangu mkubwa, anayefanya usafi hospitalini zamu ya usiku. Ana watoto wawili. Wa kwanza ni msichana tunayemwita Meneja, kwa kuwa hata kuku wa jirani huwapangia pa kukaa. Wa pili ni kaka yake mdogo, Kitinda. Huyu wa begi alikuja kwetu akitoka kwa baba yake mkubwa, na kabla ya hapo alikaa kwa shangazi yake. Kote huko walimtunza, sina la kuwasema. Ila kote huko nafasi iliisha.

Na kwetu nafasi ilikuwa finyu pia. Chumba kimoja, kitanda kimoja, na yeye kwenye kigodoro chini. Ukimuuliza anasema chini ndiko kuzuri, hakuna joto. Mimi huwatania wajukuu zangu wa kike kwamba ni wake wenzangu, tumeolewa na babu mmoja. Meneja hunijibu papo hapo, ananiambia nimezeeka, nimwachie mume. Huyu hutabasamu tu na kuangalia chini, kama mtu aliyealikwa kwenye chakula asijue akae wapi.

Wiki ile binti yangu alirudi kutoka kazini macho yamemvimba kwa usingizi, akajikwaa kwenye kile kigodoro. Akashika ukuta, akasema, "Chumba hiki hakitutoshi. Lazima nifanye jambo." Alikuwa na maana ya kitanda cha ghorofa, na alishaanza kuweka akiba. Lakini mtoto aliyekuwa pale chini aliyasikia maneno kama yalivyotoka. Tangu siku ile zipu ikawa inalia mapema zaidi.

Basi Jumamosi binti yangu alinikabidhi pesa zimefungwa kwenye leso, akaniambia nisimletee kinachong'aa, nimletee kinachobeba. Akalala na viatu vyake miguuni. Nilimvua. Kisha nikapima chumba kwa kamba, nikapiga fundo la urefu na fundo la kwenda juu, ili wa ghorofani asije akagonga kichwa kila akiamka. Meneja alitaka twende naye. Nikamwachia cheo cha kumlinda mdogo wake, akaridhika. Nikamchukua huyu mwingine anishike mkono.

Mtaa wa samani una vumbi la mbao upande mmoja na cheche za kuchomelea upande wa pili. Tulianza na vitanda vya chuma, maana bei yake ni nafuu. Muuzaji aliniapia kwamba hata tembo angelala juu. Nikashika nguzo, nikatikisa. Kitanda kizima kikacheza. Nikamuuliza kama huyo tembo ana watoto. Alicheka, akanikubalia kwamba bomba ni jembamba, akatuelekeza kwa fundi wa mbao mwisho wa mtaa. Angeweza kunidanganya. Hakunidanganya.

Fundi alikuwa mtu mnene mwenye penseli sikioni. Kabla hajataja bei alinivutia kigoda, akapangusa vumbi kwa shati lake mwenyewe. Nilikaa hapo kama gunia. Akauliza watalala wangapi, nikamwambia watatu. Akatuonyesha kimoja: chini futi nne, wawili wanaenea; juu futi tatu, kwa mmoja, na ubao wa kumzuia asidondoke. Chaga zake, zile mbao za kubeba godoro, zilikuwa nene na zimekaribiana. Ngazi imepigiliwa, haijaegemezwa. Hakijapakwa rangi, ndiyo maana kilikuwa rahisi. Nikamwambia hebu nione. Akapanda mwenyewe, tumbo likitangulia, akajitupa juu mara mbili. Kitanda hakikutoa hata mlio.

Hapo mjukuu wangu akazungumza, mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani.

"Kinafunguka?"

Fundi akafurahi, akadhani amepata mnunuzi mwerevu. Akashuka na kumwonyesha bolti nne, akaeleza kwamba ukizifungua unapata vitanda viwili, unavihamisha unavyotaka. Alivyozidi kusifu, ndivyo mtoto alivyozidi kurudi nyuma, mpaka akasimama kwenye lundo la maranda, ametugeuzia mgongo.

Nilijivuta hadi alipo. Nikamwuliza kulikoni. Alichezea maranda kwa kidole cha mguu.

"Bibi, tuchukue kile cha chuma."

"Kile kitavunjika, mama."

"Lakini hakifunguki. Kwa shangazi walifungua kitanda, kesho yake nikaondoka. Kwa baba mkubwa vilevile."

Nilimshika tu bega. Niliona kumbe mtoto huyu amekuja kuchagua nami kitanda huku anajua, kwa hesabu zake, kwamba ndicho kitakachomtoa.

Karakana ile haina kuta. Fundi alikuwa ameinama, anajifanya anatafuta kitu kwenye sanduku la zana. Alipoinuka alikuwa na spana mkononi. Hakunitazama mimi. Alichuchumaa mbele ya mtoto, kwa shida na ule unene wake, akamweleza kwamba bolti zimewekwa kwa sababu ya mlango, kitanda kizima hakipiti. Na kwamba watoto wakirukaruka hulegea, kwa hiyo lazima awepo mtu pale nyumbani wa kuzikaza kila mwezi, asiyesahau.

"Kaa nayo wewe," akasema. "Anayetaka kukifungua, akuombe."

Mtoto aliipokea kwa mikono miwili. Nzito kidogo. Hakusema asante, akasahau, nikamsemea mimi.

Fundi alikuja na kitanda jioni, akakiunga, na bolti ya mwisho akamwachia mwenye spana aikaze. Meneja akadai juu ni kwake kwa sababu yeye ndiye mkubwa, na wageni hulala chini. Binti yangu alikuwa amevaa sare tayari, anachelewa kazini. Hakumgombeza. Alikwenda nyuma ya mlango, akafungua lile begi, akatoa blanketi na kulitandika juu kwa mikono yake. Nguo akazipanga rafuni pamoja na za wenzake. Begi tupu akalikung'uta, akamkabidhi Meneja aweke viatu vyake. Kisha akaenda zake kazini, anapiga miayo.

Baadaye kidogo nikasikia naitwa kutoka ghorofani. Nilipanda ngazi ile nikiyaomba magoti yangu msamaha kila nilipokanyaga. Juu nilikaa nimeinama. Akanionyesha dirisha dogo la hewa, nikaona mabati ya majirani na nguo alizosahau mtu kwenye kamba. Akanipa upande wa ukutani, ulio mzuri. Tukakaa.

Nilipoanza kushuka alinishikia mkono mpaka mguu ukapata sakafu. Spana ilikuwa chini ya mto, nilikiona kishikio chake.

"Karibu tena kesho, mke mwenzangu," akasema.