Sarafu ya Mfalme Mfungwa

Gires aliponyimwa karatasi za ukaazi mara ya pili, hakujilaumu kwa hadithi ya uongo aliyoitunga mbele ya maofisa. Aliilaumu sarafu ya mkewe, Laurette. Mfa maji hushika maji, na huyu alishika kilichokuwa karibu.

Ilikuwa sarafu ya fedha, pana kama kizibo cha soda, upande mmoja msalaba wenye ncha za maua, wa pili ngao na taji, na maandishi ya Kilatini pembeni. Baba yake Laurette, mtunza sakristia wa parokia moja Bukavu, alipewa na padri mzee wa Kifaransa. Padri alimweleza kwamba zamani Wafaransa walichinjana kwa ajili ya dini, na Wakatoliki wakamtangaza kadinali mmoja mzee kuwa mfalme wao ilhali yumo kifungoni. Akafia humo humo bila kukalia kiti cha enzi. Sarafu zikaendelea kugongwa kwa jina lake, na siku hizi ni adimu kuzipata.

Mwaka wa tisini na sita, risasi zilipofika mtaani kwao, baba aliishona sarafu ile katika pindo la kitenge cha bintiye, akamsukuma nje ya mlango. Hakuonekana tena, wala hana kaburi. Laurette akitaka kumlilia baba yake huishika sarafu, kwa maana hana kingine. Gires aliyajua hayo yote, na hilo ndilo lililomfanya Laurette amchukie.

Pasta Telesphor, aliyehubiri katika ukumbi wa kukodi pale Thamesmead, mtaa wao wa ukimbizini, alisema ameoneshwa kitu cha fedha chenye maandishi yasiyosomeka, kimefunga njia ya Gires. Maono ya ajabu kweli, maana Gires alikuwa amemsimulia habari za sarafu juma lililotangulia.

"Jumapili iko siku ya kuvunja," Gires alisema jikoni. "Utaleta ile kitu ku kanisa."

"Ile kitu iko ya baba yangu."

"Baba yako aliabudu masanamu, sasa miye ndiye ninalipa! Chagua: ile kitu ao miye."

Laurette hakuacha kusugua sufuria. "Na ku interview, sarafu ndiyo ilidanganya?"

Gires akapasua sahani ukutani. Binti yao Bijou akapiga kelele kutoka chumbani: "Can you two just stop!" Hakuna aliyemsikiliza. Juma zima Gires alipekua nyumba, mpaka ndani ya mfuko wa unga, asiambulie kitu.

Jumapili, ukumbini, mbele ya waumini, paliwekwa meza, sinia na nyundo. Watu walileta hirizi, bangili, hata rozari za mama zao. Kila nyundo ilipoanguka, kanisa lilipaza sauti: "Vunja!" Laurette aliitazama rozari moja ikisagika, akatamani ukumbi uwaangukie wote.

Akaitwa. Gires alikuwa amesimama kando ya pasta, anatabasamu kama bwana harusi.

"Kikulacho ki nguoni mwako, Mama Bijou," pasta alisema. "Toa."

Alikuwa amepatia. Sarafu ilikuwa nguoni kweli, katika pindo la kitenge alichovaa, pale pale baba alipoishona. Laurette hakuinama. Alitia kidole mdomoni, akakilowesha, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imevimba kwa dawa za kufanyia usafi, akaivuta pete ya ndoa mpaka ikatoka. Akaiweka kwenye sinia.

"Ameniambia nichague," alisema. "Nimechagua. Vunja, Pasta."

Tabasamu la Gires likafutika. "Laurette! Unanipatisha haya mbele ya watu!"

Nyundo ya pasta ilibaki hewani. Lakini waliokaa nyuma hawakuona kilichowekwa, nao walishazoea. "Vunja!" wakapaza sauti. "Vunja! Vunja!" Gires akageuka kuwatazama, ndugu zake wote katika imani, wanapiga makofi.

Pasta hakupiga. Laurette akamnyang'anya nyundo, akapiga mwenyewe.