Kona Isiyofagiwa

"Nani amekufa hapa?" aliuliza mama mkwe wangu, Santina, ufagio mkononi. Nilisimama mbele yake nimetanua miguu kama golikipa.

Hakuna aliyekufa. Ni kona moja tu ya hosh, ua wetu pale Munuki, iliyokuwa haijafagiwa kwa wiki nzima, na katika ukoo wao ua huachwa bila kufagiwa wakati wa matanga peke yake. Mwanawe Lokosang, mume wangu, alikuwa njiani na lori kutoka Yei, hana simu. Machoni pa mama, nilikuwa nimeshaanza kumlilia.

"Mtoto yangu iko barabarani," akasema, "na wewe nataka kumzika sababu ya gesh."

Gesh, yaani majani, magugu. Haya hayakuwa magugu. Nilikuwa nimepanda kivumbasi, mbegu nilizozichuma porini nyuma ya Gurei. Ulikuwa mwaka wa pili wa amani baada ya vita, tunarudi kutoka Uganda kwa malori, kila mtu anakata miti ajenge, na maua ya maboga yangu yalikuwa yanadondoka bila kuzaa. Nyuki walikuwa wamehama. Kivumbasi kikishika hudumu miaka, na nyuki hawakipiti. Ila mbegu zake ni ndogo kama vumbi na zinataka mwanga. Mara ya kwanza nilizifukia, hazikuota. Mara ya pili nilizitawanya juu ya udongo, mama akazifagia asubuhi. Mara hii niliapa.

"Fagia kote, Mama. Hapa hapana."

Kesho yake majirani walikuja na sukari na mkaa, Namutebi wa dukani akiwa mbele, wakaketi mikekani wakaanza kulia. Niliwapikia chai, nikawaambia mume wangu ni mzima. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Niliogopa. Ufagio sikuushika.

Lokosang akaja Jumapili, ana vumbi na njaa, springi ya lori ilikuwa imevunjika. Alipoambiwa amefiwa na nafsi yake alicheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka.

"Sasa fagia," aliniambia.

"Sasa ndiyo sifagii."

Tulinuniana mwezi mzima. Kivumbasi kikafika kiunoni, kikatoa maua, nyuki wakarudi, maboga yakajaa. Mama aliyala miaka mitatu bila kuyasifu hata siku moja, na mimi sikumwomba sifa.

Alifariki msimu wa mvua, kabla ya kura ya maoni ya uhuru wetu. Tuliiacha hosh bila kufagiwa, kama alivyotaka. Siku ya kumaliza matanga, wanawake walinipa ufagio, maana mkamwana wa nyumba ndiye huanza. Nikaanzia mlangoni kwake. Niliinama, kisha nikashindwa kuinuka.

Upepo ulikuwa umezipeleka mbegu kila mahali. Miche midogo, majani mawili mawili, ilitapakaa uani, na mingi zaidi ilikuwa pale kizingitini, mahali alipopaparua kwa ufagio kila asubuhi ya maisha yake. Nilimkosa yule mama mkaidi kuliko nilivyowahi kumpenda.

"Fagia basi, Lilly," Namutebi alisema taratibu. "Matanga imeisha."

"Bado," nikamjibu, nikamrudishia ufagio.