Muuza Jibini wa Majengo

Muthoki alikuwa akimkatia mteja mboga ya sukuma, nyembamba kama uzi, jinsi watu wa Majengo wanavyoipenda, Bwana Wekulo wa ofisi ya jiji alipofika na ndoo ya rangi. Alisema vibanda vyote vya barabara ile vitabomolewa, isipokuwa wenyewe wapate kazi za heshima.

"Kazi ninayo," Muthoki alisema bila kuinua kisu.

"Hiyo ofisi inaiita uchafu kando ya barabara."

Kulikuwa na wageni wa ng'ambo wanaokuja kutazama maendeleo, na gari lao lingepita hapo. Bwana Wekulo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelala akiwaza, akaamka na njia.

"Nimeamriwa niwaondoe mama mboga na washona viatu," alisema. "Sijaamriwa nimwondoe muuza jibini."

"Ndiye nani huyo?" aliuliza Amino, mama aliyeuza chai na mahamri kibanda cha pili.

"Mtu anayeuza jibini."

"Hata duka la kule Ngara liko na jibini. Wameiweka karibu na sabuni."

"Huyo ni mwenye duka, mama. Muuza jibini hauzi sabuni. Anajua jibini tu, na ukimwuliza kitu kingine anakutazama. Tena haongezi. Ukimwambia 'niongezee,' anakusikitikia."

"Basi huyo si mtu wa huku," Amino alisema, akamimina chai.

Nzivo, kijana anayechora mabango, aliletwa. Juu ya kibanda cha Muthoki aliandika MUUZA JIBINI kwa herufi nyekundu zenye kivuli cha buluu. Mzee Muriuki, mshona viatu wa jirani, aliandikiwa FUNDI WA PIANO. Amino aliachwa na chai yake, kwa kuwa hata wageni hunywa chai.

"Maze, Muthoki, umepanda cheo," Nzivo alisema akiosha brashi. "Kesho utatusalimia kweli?"

Asubuhi Muthoki alifungua kibanda akakuta kabeji zote zimekuwa magurudumu ya jibini. Sukuma ilikuwa jibini ya kijani, bado imefungwa kwa mafungu. Nyanya zilikuwa vijibini vyekundu vyenye vikonyo. Vitunguu vilitoa machozi kama kawaida. Muthoki alinusa moja moja, akatenga iliyoanza kuharibika, nyingine akazipanga mbele. Kwa Mzee Muriuki, piano ilikuwa imekuja yenyewe kutoka ng'ambo ya mto, ikichechemea mguu mmoja, na sasa ilisimama kwenye foleni nyuma ya viatu vya mtoto wa nasari.

"Subiri zamu yako," mzee aliiambia.

Jibini yenyewe haikumsumbua Muthoki. Kilichomsumbua ni wateja. Kibanda kile ndicho kilichowalisha yeye na mamake kule Machakos, na watu wa Majengo walihitaji mboga ya jioni. Wa kwanza kuja alikuwa Jecinta, anayefulia watu nguo Eastleigh.

"Nipe sukuma."

"Sukuma ya leo ni hii."

Jecinta aliibonyeza kwa kidole. "Inaiva?"

"Moto mdogo. Na usiweke mafuta, iko na yake."

Habari ya kutotia mafuta ilimpendeza Jecinta. Mwaka ule mafuta yalikuwa yamepanda bei mpaka watu walikaangia maji. Muthoki aliikata jibini nyembamba kama uzi, akaifunga kwa gazeti.

"Niongezee basi."

Muthoki alitazama bango juu ya kichwa chake. Akamsikitikia Jecinta kidogo, kama inavyotakiwa. Kisha akamwongezea.

Haukupita muda, mtaa ukazoea ugali kwa jibini. Neno lenyewe nalo likatoka kibandani, likaanza kutembea. Msichana akivaa viatu vya juu kwenda kuchota maji, aliambiwa, "Pisheni, muuza jibini anapita." Ngui, aliyepewa koti la ulinzi na filimbi lakini hajawahi kuona mshahara, aliitwa muuza jibini hata na mkewe. Mtu yeyote aliyepewa jina kubwa na mfuko mtupu alikuwa muuza jibini, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Wageni walifika siku ya jua kali. Mmoja wao, mama mrefu mwenye kofia, aliionja jibini ya kabeji akafumba macho. Alizungumza kwa muda mrefu sana. Bwana Wekulo alifupisha.

"Anasema mtaalamu kama wewe hafai kukaa kwenye mabati."

Muthoki alifuta kisu. "Mwambie nafaa."

Bwana Wekulo alilitafsiri hilo kwa maneno mengi, akitabasamu, na wageni wakapiga makofi.

Jumatatu tingatinga lilikuja. Bwana Wekulo alitembea mbele yake, amevaa tai.

"Si ulisema muuza jibini haondolewi?" Muthoki aliuliza.

"Haondolewi. Anainuliwa. Mama mboga tungembomolea tu. Wewe utajengewa duka."

"Wapi?"

"Inapangwa."

"Na mimi?" Amino aliuliza. "Chai si bado ni chai?"

"Mama, kibanda kimoja kikibaki peke yake kitaonekana vibaya."

Piano ilibeba vifaa vya Mzee Muriuki mgongoni, wakashuka pamoja kuelekea Pumwani. Haikuwa ikichechemea tena. Mahali pa vibanda pakazungushwa ua wa mabati mapya, na watu wakasema ni pa mkubwa fulani, anataka kuweka kituo cha petroli. Jina lake halikutajwa.

Muthoki alitandika gunia nje ya ua, na Amino akaweka birika lake kando. Aliokoa lile bango, akalifanya meza. Maandishi yakitazama juu, kila alichopanga kiligeuka jibini. Yakitazama chini, mboga ilibaki mboga. Askari walipokuja alijaribu njia zote mbili. Mboga waliichukua kwa kuwa uchuuzi umekatazwa. Jibini waliichukua kwa kuwa muuza jibini mahali pake ni dukani, ila hiyo walikaa chini wakaila hapo hapo, na mmoja akaomba chumvi.

Jioni moja Jecinta alikuja akihema. Mwenye ploti ya vyumba anakopanga alikuwa amekuja na watu wa suti, wakawapa mikono wapangaji wote.

"Wametuambia sisi si wapangaji tena," alisema. "Ati sasa ni washirika wa maendeleo."

"Ndiyo nini hiyo?" aliuliza Amino kutoka kwenye birika lake.

"Muuza jibini," Muthoki alisema.

Muthoki alimkatia sukuma, nyembamba kama uzi, akamwongezea kabla hajaomba.

"Nenda ukafungashe vyombo," alimwambia, "kungali na mwanga."