Mtoto Aliyeitwa Jumapili

Kwa miaka kumi na tisa Asenath alikuwa karani wa kliniki ya watoto katika zahanati moja ya kanisa, nyuma ya Jogoo Road, na katika miaka hiyo yote hakuna tarehe iliyowahi kumponyoka. Kalamu yake ilikuwa na adabu. Mtoto akichanjwa, aliandika katika daftari lake jeusi jina, tarehe, na siku ya kurudi. Halafu, mwaka huu wa tisini na nane, wafadhili wakaleta kompyuta, na tarehe zikaanza kupotea kama soksi kwenye kamba ya nguo.

Asubuhi ya Alhamisi moja ya mwezi wa sita, Nasambu aliingia na mtoto mgongoni. Alikuwa ametoka Njiru tangu alfajiri, na hakuwa na hamu ya salamu ndefu.

"Mama Asenath, mlisema mtaniita. Jirani yangu aliitwa. Wa mbele yangu aliitwa. Mimi nikakaa tu kama mzigo uliosahauliwa stejini. Huyu mtoto si alipaswa kudungwa chanjo ya pili mwezi wa tano?"

Asenath aligeukia kompyuta. Kila Ijumaa mashine ilichapa orodha ya watoto wa wiki inayofuata, na watu wa kanisa wakapita mitaani kuwaita akina mama. Jina la mtoto wa Nasambu halikuwahi kutokea. Kabla hajafungua kinywa, mlango wa ndani ulifunguka, na Sista Mbinya, nesi mkuu wa zahanati, akasimama hapo mikono kiunoni.

"Huyu ni wa ngapi mwezi huu, Asenath?"

"Wa tisa, Sista. Lakini tarehe niliandika sawa."

"Kompyuta haiandiki yenyewe." Sista hakuwa mtu mbaya, ila sauti yake ilizoea kufika mwisho wa foleni, na benchi zima lilisikia. "Macho yamechoka, dada yangu. Si dhambi. Jumatatu kuna msichana anaitwa Koki, amemaliza kozi ya kompyuta. Atakalia hicho kiti. Wewe utatusaidia kwenye mizani."

Akina mama kumi na wawili waliangalia sakafu kwa pamoja. Asenath alisema, "Sawa, Sista," kwa sauti ndogo, akavuta kiti chake karibu na meza kana kwamba kuna mtu tayari alikuwa amekishika upande wa pili. Kupima watoto uzito si kazi ya aibu. Lakini kutolewa kwenye tarehe kwa sababu ya makosa, mbele ya watu aliowaandikia watoto wao, wengine hata wao wenyewe walipokuwa watoto? Hilo lilimchoma kama mwiba wa samaki.

Saa nne Muoki akaingia, disketi mfukoni mwa shati, tabasamu uso mzima. Ndiye kijana aliyetengeneza ile fomu ya kwenye kompyuta. Alikuwa amemaliza chuo kikuu mwaka jana, na bado aliamini kuwa dunia inaweza kurekebishwa ikipata programu nzuri.

"Mama, leo nimekuletea zawadi. Hutaandika tarehe tena!"

"Nimeshaambiwa," alisema Asenath.

Muoki hakuelewa. Aliinama, akasukuma disketi, akabonyezabonyeza, kisha akamwonyesha. Kando ya kila nafasi ya tarehe palikuwa na kitufe kidogo. "Bonyeza hapo."

Asenath alisogeza kile kipanya cha kompyuta taratibu, kama mtu anayemtoa kifaranga chini ya kuku, akabonyeza. Kalenda ikachomoza juu ya fomu: mwezi mzima, vyumba vyake vimepangwa safu kwa safu.

"Yesu wangu! Imetoka wapi?"

"Ilikuwa imejificha. Nimeijenga mwenyewe, vitufe arobaini na viwili. Ukigusa siku, tarehe inajijaza, kalenda inarudi zake. Hakuna kuandika ile alama ya mkwaju kati ya namba, hakuna kuhesabu vidole."

"Kwenu Ukambani wengine wanachonga twiga, wewe unachonga kalenda."

"Twiga hana kazi kliniki, Mama."

Asenath alicheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. Kisha akasogeza uso karibu na kioo. "Na hizi herufi hapa juu?"

"Siku za wiki. Nimeziweka kwa Kiswahili, herufi ya kwanza ya kila siku." Muoki alijivuna kidogo.

Asenath alisoma kwa sauti: "Je, Je, Je, Je, A, I, Je." Akamwangalia. "Kijana, hii ni wiki au ni mtu anauliza maswali?"

Kwenye benchi mtu alipasuka kicheko. Muoki alitazama kazi yake, akahesabu, na masikio yakamwaka. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Jumamosi: siku tano, herufi moja.

"Chuo kikuu chote hicho," alisema Nasambu kutoka kwenye foleni, "na hakuna aliyekwambia wiki ina Juma watano?"

"Usimcheke, amejitahidi," alisema Asenath, akafungua daftari lake jeusi. "Angalia ninavyoandika mimi. J2 ni Jumapili. J3 Jumatatu. J4, J5. Kisha Al, Ij. Jumamosi ni J1, kwa sababu ndiyo ya kwanza."

Muoki aliutazama ule ukurasa kama aliyepewa siri ya serikali. "Mama, hii ni safi sana." Alikaa, akabadilisha vichwa kimoja kimoja. Baada ya dakika chache kalenda ilisimama imevaa sawasawa. "Haya, tujaribu na mtoto wa kweli. Nipe jina lolote."

"Mtoto wa Nasambu. Yule pale anayekucheka."

Fomu ikafunguka. Kwenye tarehe ya kurudi paliandikwa 7/5/98. Muoki alibonyeza kitufe. Kalenda ikachomoza, na badala ya mwezi wa tano ikaonyesha mwezi wa saba, chumba cha tarehe tano kimekolezwa rangi. Juu yake kabisa: J2.

Asenath aligusa kioo kwa kidole. Kisha akasema polepole, "Jumapili?"

"Ndivyo inavyosema."

"Mimi nimwite mtoto Jumapili? Jumapili zahanati ina kufuli na mimi niko kanisani naimba sauti ya pili. Miaka kumi na tisa sijawahi kumpa mtoto Jumapili hata kwa bahati mbaya." Alikuwa tayari anafunua daftari. "Huyu hapa. Alikuja tarehe tisa mwezi wa nne, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu. Arudi baada ya wiki nne: tarehe saba, mwezi wa tano. Umeona nilichoandika pembeni? Al. Alhamisi!"

Muoki aliacha kutabasamu. Alifungua mtoto mwingine, na mwingine. Waliopangiwa kurudi tarehe ishirini walikuwa mahali pao. Waliopangiwa tarehe tatu, sita, kumi na moja walikuwa wametawanyika mwaka mzima.

"Mama," alisema, "kompyuta hii inasoma kama Wamarekani, mwezi kwanza. Ukiandika saba, tano, inaona tarehe tano ya mwezi wa saba. Ukiandika ishirini na moja, inajua hakuna mwezi wa ishirini na moja, kwa hiyo inajigeuza yenyewe kimya kimya."

"Hizo niliziona zikigeuka. Naandika 21/5, inaweka 5/21."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Uliniambia kompyuta haikosei. Nikadhani ni adabu zake."

Muoki alifunika uso kwa viganja. Alipoijaribu ile fomu mwezi wa kwanza alitumia siku yake mwenyewe ya kuzaliwa, ishirini na nane Novemba. Mashine ilipoigeuza, aliona siku ni ile na mwezi ni ule, akapita. "Makosa ni yangu," alisema. "Yote. Ngoja nikamwambie Sista."

"Umwambie nini? Kiti changu ameshampa Koki."

"Kwamba kiti ni chako."

Alikwenda mwenyewe, na Asenath alisikia sauti yake nyuma ya ukuta, ikikwama, ikianza upya. Sista Mbinya alitoka ameshika miwani. Aliinama juu ya daftari, akaangalia kioo, akaagiza afunguliwe mtoto mwingine, na mwingine. Wa tatu naye aliangukia Jumapili. Alisimama wima.

"Asenath, nimekukosea. Njoo ofisini tuzungumze."

Moyo wa Asenath ulimwambia ainuke, ashukuru, yaishe. Lakini miguu ilikataa.

"Sista, asubuhi uliniambia hapa."

Akina mama kwenye benchi wakainua vichwa. Hata mtoto wa Nasambu aliacha kunyonya. Sista akawageukia wale akina mama na kutoa ile sauti yake ya kufika mwisho wa foleni.

"Akina mama! Asubuhi nilisema Mama Asenath amekosea tarehe. Hakukosea. Tarehe zake zote ni sawa."

"Ni mimi niliyekosea!" alisema Muoki nyuma yake, mkono juu kama mwanafunzi.

"Tunajua, Je-Je-Je!" alijibu Nasambu, na chumba kizima kikacheka, Sista naye ndani.

Alipomaliza kupangusa miwani, Sista alisema taratibu, "Lakini watoto karibu mia tatu wamekaa mahali pabaya humo ndani. Koki nilishamwahidi. Jumatatu nimwambie asije?"

Asenath alivuta daftari lake, akalifungua ukurasa wa mwezi mpya kando ya kalenda ile iliyochomoza.

"Aje, Sista. Kazi ipo. Mwambie tu aje na kiti chake."