Bahari ya Kwa Mwau

Mbinya alikuwa akichambua ndengu kwenye ungo nyuma ya duka lake pale Salama, bintiye Yvonne alipomsomea tangazo la chifu kutoka kwa simu. Jumamosi bahari itakuwepo Kwa Mwau, saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Watoto wasiachwe peke yao. Mifugo isinyweshwe.

Bahari ilianza kuja mwezi wa tatu. Malori yalikuwa yamezoa mchanga wa mto wa Kwa Mwau kwa miaka kumi na minne, mpaka kitako cha mto kikashuka chini kuliko Mombasa. Maji hayabishani na mteremko. Siku hizi yalipanda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi na kurudi kwa wakati.

"Darasa letu lote limeenda, mimi tu ndiyo sijaenda," Yvonne alisema.

"Ni mbali," alisema Kisilu, baba yake. "Kutoka tunapoacha lami pale Malili ni masaa mawili ya vumbi, halafu mnashuka na miguu. Hakuna kibanda, hakuna choo, hakuna netiweki."

"Basi tutabeba," Mbinya alisema. Alikuwa ameshapanga kila kitu kichwani: chapati, kuku, sufuria ya mahindi ya muthokoi, leso mbili, mtungi wa maji ya kunywa.

Ndipo Kasiva, mama yake Kisilu, aliposema kutoka mlangoni, "Na mimi naenda."

Kisilu akamgeukia. Mama yake alichimba kisima pale mtoni mwaka mmoja baada ya kuolewa, akakinywea miaka arobaini. Tangu magoti yalipomshinda akaja kukaa nao Salama, kila wiki Kisilu alimwambia kisima kipo, kimefunikwa tu na majani.

"Mama, mwaitu, huko jua ni kali."

"Chini ya jua hilo ndipo nilipochimba, nikiwa na wewe mgongoni."

Mbinya akaongeza chapati nne kwenye hesabu yake.

Walipofika Jumamosi kwa pikapu ya Kisilu na kumshusha Kasiva polepole kwa mkono, bahari ilikuwa imeshatanda. Ilikuwa ya buluu katikati ya migunga, na mawimbi yalipiga kingo za udongo mwekundu. Kaa walipanda miguuni mwa mbuzi, na mbuzi wakawapisha. Hapakuwa na mtu mwingine.

Kasiva aliingia majini na gauni lake la kanisa, amemshika Mbinya mkono, hadi kwenye jiwe ambalo kisima kilikuwa kando yake. Akateka kwa kiganja, akaonja.

"Changu kilikuwa kitamu."

Kisilu alisimama nyuma yake, suruali imekunjwa magotini. "Mwaitu, nilikudanganya. Kilibebwa na lori mwaka ule Yvonne alianza shule."

"Nilijua. Kitu kikiwa kipo, mtu hakisemi kila wiki."

Kasiva alitaka kuongeza neno, lakini wimbi lilimwinua, likamkalisha chini taratibu kama mgeni. Kasiva akacheka mpaka kitambaa chake cha kichwa kikaenda zake. Kisilu alikifuata akiwa amevaa shati, akameza maji, akarudi nacho akicheka. Mbinya hakuwa amemwona mume wake akicheka hivyo tangu harusi. Alilala chali majini, masikio ndani.

Tangu saa nane malori yalikuwa yamepanga foleni kule juu, injini zikinguruma. Saa kumi bahari ilirudi kama ilivyotangazwa, ikaacha mchanga mpya, mweupe, umelala. Dereva mmoja, Kiilu, alishuka na gambuti. Alimsalimu Kisilu kwanza, kwa kuwa ndiye aliyemchomelea bodi ya lori, kisha akamgeukia Kasiva.

"Susu, bibi yangu, samahani. Mmekalia pale ninapoanzia kuzoa."

Kasiva akampa paja la kuku. "Kula kwanza."

Kiilu alikula amesimama, akashukuru, akamsaidia kuinuka. Kisha akawapungia wapakiaji wenye sepetu.

Njiani kurudi, Yvonne alilala. Kasiva alikuwa akilamba chumvi mkononi. "Mwezi ujao tuje na ndimu," alisema, na Mbinya akasema ndiyo, ndimu na pilipili.

Kabla ya lami, lori la kwanza liliwapigia honi nyuma, limejaa, likidondosha maji ya bahari barabarani. Kisilu akasogeza pikapu pembeni, akatoa mkono dirishani, akalionyesha lipite.