Chesnati za Bi Zuleha

Kwetu eafraya haikai jikoni. Inakaa sebuleni, kwenye stendi ya tivii, imefunikwa kitambaa cha kufuma, ina heshima kuliko mimi niliyemaliza form six na bado nalala kwenye korido. Bi mkubwa, yaani mama yetu, aliinunua Nakonde, upande wa Zambia, kwa mama mmoja wa Kibemba ambaye humwita Bamayo, akavuka nayo mpaka ameipakata kama mtoto mgonjwa, na tangu siku hiyo haikuwahi kukaanga hata kipande cha muhogo. Mgeni akija anaulizwa kama ameiona. Akisema ameiona, anaulizwa kama anajua kwamba inakaanga kwa hewa tu, bila tone la mafuta. Halafu analetewa maandazi yanayochuruzika mafuta.

Sasa sikia ilivyokuja kuanza kazi.

Sista yangu Nuria anapendana na Abdulrahim, jamaa wa klaringi, ana ofisi ndogo karibu na kituo cha forodha. Abdulrahim ni mtu poa, hana neno, ila pia hana kauli. Kwao kauli anayo shangazi yake, Bi Zuleha. Baba yake mwenyewe, Mzee Masudi, ana malori yanayoshuka mpaka Kongo, wanaume wazima wanamwogopa, lakini jambo la nyumbani likitajwa anamwangalia dada yake kama dereva aliyesimamishwa na trafiki.

Huyo Bi Zuleha ndiye aliyemkataa mchumba wa kaka yake Abdulrahim, binti wa watu kule Mpemba, kwa sababu chai ililetwa kwenye vikombe visivyofanana. Vikombe tu. Yule kaka alinuna wiki, akaozeshwa mwingine. Kwa hiyo tuliposikia wanakuja kutambua nyumba, Nuria akaacha kula. Tulikuwa tunafua wote nyuma ya nyumba, akaniambia akimkosa huyu hamtaki mwingine. Nikamwambia aache maigizo. Nikaangalia vizuri, nikaona machozi ni ya kweli, nikakamua mashuka.

Bi mkubwa yeye hakulia. Alipanga vita.

Bi Zuleha aliwahi kwenda Umra, na ndege yao ilipitia Istanbul. Watu wengine wakirudi Makka wanasimulia Makka. Yeye anasimulia Istanbul. Hakuna harusi Tunduma hii ambayo hajasimulia jinsi walivyotembezwa mjini, baridi inakata masikio, wakakuta njugu kubwa zinachomwa barabarani kwenye vigari. Chesnati. Zina joto, zina harufu ya mbinguni, na mtu akishazionja, anasema, hawezi tena kurudi kwenye karanga. Hapo anaangalia sahani ya karanga mbele yake na kuisogeza pembeni, mwenye harusi akiona.

Bi mkubwa akaapa kwamba Bi Zuleha atakula chesnati kwake, zimepikwa kwenye mashine, bila mafuta. Akamuagiza Sadoki, dereva anayeshuka Lusaka. Sadoki akarudi na pakiti kutoka kwenye supamaketi kubwa ya huko. Anasema pale mpakani ofisa alizinusa, akauliza kama ni mbegu za kupanda, akaambiwa ni chakula cha posa, akacheka akapitisha.

Tukazimwaga kwenye sinia. Za kahawia, zinang'aa kama buti la mwanajeshi siku ya gwaride. Hakuna aliyejua zinaanziwa wapi. Nikapewa mimi, kwa sababu nilisoma PCB, na bi mkubwa anaamini mtu akijua ini la chura anaweza kupika chochote.

Nikaingia YouTube. Mzungu mmoja ametulia jikoni kwake, anachukua chesnati, anaichanja kwa kisu juu ya ganda, alama ya msalaba, anachukua nyingine, anachanja. Anasema usipochanja, mvuke unakosa pa kutokea, zinapasuka. Basi. Unaweka kwenye mashine, zinaiva kimya kimya, unamenya. Nuria alikuwa ananichungulia begani, akatazama mpaka mwisho jinsi yule Mzungu anavyomenya zikiwa bado za moto, anazibana na kitambaa.

Nikashika kisu, nikaanza. Bi mkubwa akaingia na mfagio.

"Wewe Ishaka, unachanja nini hapo?"

Nikamweleza mambo ya mvuke. Hakusikia mvuke. Alikuwa anaangalia zile alama. Akachukua moja, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, uso ukambadilika. "Hizi ni chale," akasema.

Kama hujui, chale ni vile vialama vya wembe ambavyo mganga anamchora mtu mwilini, akapaka dawa. Na zile chesnati, kusema ukweli, ukizitazama kwa jicho hilo, zilikuwa zimepigwa chale sawasawa, kila moja na zake. Bi mkubwa akakaa kwenye ndoo. Akasema Bi Zuleha akiona hivi vitu, ataondoka hapa akitangaza mji mzima kwamba yeye, Mwajuma, amepeleka njugu kwa mganga ili mtoto wao akila asione mwanamke mwingine. Posa itakufa hapo hapo, na Nuria hataolewa hata Momba.

Nikamwambia lakini mama, Bi Zuleha si amezila Istanbul, si anajua kwamba zinachanjwa.

"Za Istanbul zimechanjwa na Waturuki," akasema. "Zikichanjwa Tunduma ni habari nyingine."

Nikajaribu tena kumwambia zitapasuka. Akasema mashine ina kifuniko. Nuria naye akajaribu, akaambiwa bibi harusi hana maoni. Zile nilizokwisha kuchanja zikatupwa chooni, ushahidi usionekane, na visu vyote vya nyumba vikakusanywa vikafungiwa kabatini. Siku hiyo vitunguu vya pilau vilikatwa kwa kisu cha jirani, Mama Gwantwa, ambaye aliuliza tunaogopa wezi gani wa visu.

Wageni wakaja baada ya Alasiri, mvua imekatika, tope mpaka mlangoni. Bi Zuleha kwenye baibui la kumeta, Mzee Masudi nyuma yake amebeba mkoba wa dada yake. Baba yetu alikuwa kwenye foleni Kasumbalesa na lori la watu, kwa hiyo mjomba alikaa kwenye kiti chake. Mjomba hamudu maneno mengi, alielekezwa aseme Alhamdulillah kila kukiwa na nafasi. Nuria chumbani, nyuma ya pazia. Binti hatoki mpaka aitwe, na akitoka bila kuitwa anaambiwa ana haraka ya mume.

Eafraya ilikuwa imevuliwa kitambaa na kuwekwa katikati ya sebule kwenye stuli, waya wa ekstensheni umepita juu ya zulia kama nyoka. Bi mkubwa akaniamuru niwashe mbele ya wageni. Bi Zuleha akauliza hicho ni nini. Akajibiwa ni cha kawaida tu, tunapikia kila siku. Kilichomo ndani je? Bi mkubwa akainamisha macho kama mtu anayeona aibu kusema.

"Chesnati."

Bi Zuleha akameza mate. Mimi nilikuwa karibu, nikaona. Nikadhani ni hamu.

Mashine ikanguruma. Mzee Masudi akaanza kusimulia bei ya dizeli Kongo, mjomba akasema Alhamdulillah. Pilau likasifiwa. Mambo yalikuwa yanakwenda freshi kabisa, nikaanza kufikiria labda yule Mzungu ni mwoga tu.

Pa.

Mzee Masudi akategesha sikio, kichwa upande. "Tairi," akasema, akainuka, akatoka nje. Nikamwona kupitia dirishani akizunguka gari lake kwenye tope, anapiga teke gurudumu moja moja. Pa, pa. "La nyuma hilo," sauti yake ikasikika. Halafu zikaachia zote, papapapa, mashine inatetemeka kwenye stuli kama ina malaria, na mimi kwa akili zangu za PCB nikaivuta droo ili kuangalia.

Nisingeivuta. Moja ilinipita sikioni ikaenda kubandika siling'i. Nyingine ikampiga mjomba kwenye kofia, akasema Alhamdulillah kwa sababu ndiyo kazi aliyopewa. Unga mweupe ukaruka kila mahali, ukatua kwenye kochi, kwenye pilau, na kipande kimoja kikakaa juu ya baibui la Bi Zuleha, kwenye goti, kinafuka moshi.

Nyuma ya pazia nikasikia mtu amekaa kitandani kwa kishindo.

Sasa bi mkubwa ni mtu wa mpakani. Tabasamu halikumtoka. Akamgeukia Bi Zuleha, akasema ndivyo zilivyo hizi, si ndiyo, na wewe ndiye mwenyeji wake.

Bi Zuleha akakitazama kile kipande kwenye goti.

"Ndivyo zilivyo," akasema. "Kule mtaa mzima unalia hivi hivi. Asiyezoea anaweza kukimbia."

Nikamwangalia bi mkubwa, na yeye akaniangalia mimi. Nilikuwa nimemwambia asubuhi ile ile kwamba zikichanjwa hazilii, zinaiva kimya. Huyu mama hajawahi kula chesnati. Labda alikiona kigari kwa dirisha la basi, labda alisikia wenzake wakisimulia. Bi mkubwa anauza vitenge Nakonde miaka yote, na mtu anayetangaza mzigo asiokuwa nao anamjua kwa jinsi anavyoshika mkoba. Nikaona macho yake yanawaka. Nikajua hapa kimenuka.

Akaziokota zile zilizopona, zimepasukapasuka ila zina ganda, akazipanga kwenye sahani yenye maua, akaiweka mbele ya Bi Zuleha. Mzee Masudi akarudi, akafuta viatu, akatangaza matairi yote mazima, akakaa, akachukua moja, akaitia mdomoni kama ilivyo. Tukasikia ganda linavunjika. Akaendelea kutafuna kwa adabu, machozi yanamlenga.

Bi Zuleha alikuwa ameshika ya kwake kwa vidole viwili. Anaigeuza. Anaigeuza tena.

"Bi Zuleha," bi mkubwa akasema, sauti ya asali, "tufundishe sisi wa huku porini. Kule zinaliwa na ganda lake, au zinamenywa?"

Yaani alimbana. Akisema na ganda, mimi naambiwa nisome kwa sauti maelezo ya kumenya kwenye pakiti, na mama wa watu anaumbuka mbele ya kaka yake na mjomba na mashine. Akisema zinamenywa, ataombwa aonyeshe. Bi mkubwa alikuwa anashinda, na alikuwa anashinda vizuri sana, na alikuwa amesahau kabisa wageni wamefuata nini. Mtu uliyemuumbua sebuleni kwako hachukui binti yako. Hata mimi nalijua hilo, na nilipata D ya uraia.

Bi Zuleha akaigeuza mara ya tatu. Akaisogeza ile chesnati kwenye meno, na ganda lake.

Pazia likafunguka. Nuria akatoka, hajaitwa na mtu, kitambaa cha mkono begani. Bi mkubwa akamkazia jicho la kumrudisha. Hakurudi. Akapiga magoti kwenye zulia lililojaa unga, akampa Bi Zuleha shikamoo, na kabla hajaitikiwa akaitoa ile chesnati mkononi mwake polepole, akaibana na kitambaa, ganda likatoka zima.

"Nisamehe shangazi, nimetoka bila kuitwa," akasema. "Hizi zinaunguza vidole. Najua kule mlikuwa mnamenyewa, mtu mzima haachwi amenye mwenyewe."

Bi Zuleha alimtazama muda mrefu. Nadhani alielewa kila kitu. Yule mama si mjinga, ni mwongo tu.

"Marahaba," akasema. Akala. Akatafuna, akameza. "Kule tulikuwa tunamenyewa."

Akamwambia Nuria akae kando yake, juu ya kochi, kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye utambulisho wowote. Nuria akawa anamenya, yeye anakula, anamenya, anakula. Sahani ilipokaribia kwisha akamgeukia kaka yake.

"Masudi, sema."

"Niseme nini, dada?"

"Sema tumeridhika."

Mzee Masudi akasema tumeridhika, ganda bado liko shavuni. Mjomba akasema Alhamdulillah, na mara hii aliiweka mahali pake.

Wakati wa kuaga, Bi Zuleha alimshika bi mkubwa mikono miwili, akasema atawaeleza watu kwamba kwa Mama Nuria zinapikwa kama Istanbul, hata mlio ni ule ule. Bi mkubwa akashukuru. Ingekuwa chesnati, angepasuka.

Gari lilipoondoka nikapanda kwenye kiti kubandua vitu siling'i. Nuria alikuwa anafagia huku anacheka peke yake, anaandika meseji kwa mkono mmoja. Bi mkubwa amekaa pale pale, hajavua hata mtandio wa wageni.

"Nilikuwa nimemshika," akasema. "Nimemshika hapa. Kwa nini ulimwachia?"

Nuria akaweka simu kwenye kochi.

"Ulimshika, mama. Lakini wewe unaye nusu saa, hapa sebuleni. Mimi nakwenda kuishi naye."

Bi mkubwa akainama. Akaokota chesnati moja iliyokuwa imebaki chini ya meza, akahangaika na ganda lake mpaka likatoka vipande vipande, akaionja. Akatafuna, akatutazama mimi na Nuria kama tumemwibia.

"Si kiazi kitamu hiki?"

Nikamwambia na mimi nimeona hivyo hivyo. Kule kijijini Hasamba wanavichoma kwenye majivu, na havilii.

Akafuta mikono, akasimama, akafungua kabati la visu. Akamwambia Nuria, bila kugeuka, "Basi zoea kumenya."

Nuria akacheka. Yeye hakucheka.